Komiti inayokataa saini baada ya umeme kukatika

Swali: «Shikamoo kaka. Mimi ni mtengenezaji wa programu hapa Kirumba, Mwanza. Tuko wanne, tunajenga mfumo wa kupokea mizigo ya dagaa mwaloni na kukokotoa malipo ya wenye mitumbwi. Tumekubaliana kila komiti, yaani kila badiliko la msimbo tunalolihifadhi kwa programu ya Git, iwe na saini ya kidijitali. Tangu umeme ulipokatika ghafla wiki iliyopita, kompyuta ya ofisini yenye Ubuntu, aina ya Linux, inakataa. Nikikomiti kutoka VS Code, programu ninayoandikia msimbo, naambiwa "error: gpg failed to sign the data", halafu "fatal: failed to write commit object". Nimeifuta Git na kuisakinisha upya, hali ni ile ile. Nyumbani nina kompyuta mpakato ya Windows. Ile inasaini bila kelele, lakini GitHub, tovuti tunakopeleka msimbo, inaziandika komiti zake "Unverified", yaani hazijathibitishwa. Mwenzangu anasema tuzime saini tuendelee na kazi. Nifanyeje?»

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Saini msizizime. Una matatizo mawili yasiyohusiana: ofisini saini haitengenezwi kabisa, na nyumbani inatengenezwa ila GitHub haiitambui. Tuyatenganishe, maana dawa ya moja haitibu jingine.

Tuanze na ofisini. Jambo la kushika kabla ya amri yoyote ni kwamba Git yenyewe haijui kutia saini. Unapokomiti, inaiita programu nyingine, gpg, inaikabidhi maandishi ya komiti na kungoja irudishiwe saini. Isiporudishiwa, inatoa sentensi ile ile uliyoiona, iwe ufunguo wa kutilia saini umeisha muda, neno la siri halikuulizwa, au saa ya kompyuta imerudi nyuma. Ndiyo maana kuisakinisha Git upya hakukubadilisha kitu. Kilichoharibika kiko kwenye folda ya `~/.gnupg` au kwenye mfumo unaoizunguka, na huko Git mpya haigusi.

Kwa hiyo mwache Git pembeni, uzungumze na gpg moja kwa moja. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, siyo VS Code, uandike:

`echo jaribio | gpg --clearsign`

Hapa gpg itakueleza kwa maneno yake kinachoisumbua. Ikikataa, umepata sababu halisi, na Git haina hatia. Ikikubali na kukutolea maandishi yenye «BEGIN PGP SIGNATURE», basi gpg ni nzima na kasoro iko kati yake na Git: ufunguo gani umetajwa, programu ipi inaitwa, au inaitwa kutokea wapi. Matoleo mapya ya Git hubandika maneno ya gpg chini ya lile kosa, lakini VS Code mara nyingi huonyesha mstari mmoja tu kwenye kisanduku na kuficha mengine, kwa hiyo jaribio hili lina faida hata kama Git yako ni mpya.

Kwa maelezo yako, ninachokishuku kwanza ni neno la siri. Ufunguo wako wa siri unalindwa na programu inayokaa nyuma ya pazia, gpg-agent. Ukiandika neno la siri mara moja, gpg-agent hulikumbuka. Isipoambiwa vinginevyo, hulikumbuka kwa sekunde 600, na hesabu inaanza upya kila unapolitumia, mpaka kikomo cha sekunde 7200, yaani saa mbili. Watu wengi wanaokomiti kutwa huongeza muda huo hadi siku nzima au zaidi, halafu wanasahau kwamba kuna neno la siri. Kompyuta ikizimika ghafla, kumbukumbu hiyo inafutika. Kompyuta ikiwaka, gpg-agent inataka kukuuliza tena, na hapo ndipo inakwama, kwa sababu haijui ikuulizie wapi.

Kazi ya kuuliza hufanywa na programu ndogo iitwayo pinentry. Ziko za aina mbili. Moja hufungua kisanduku kwenye skrini, nyingine huchora sehemu ya kuandikia ndani ya terminali. Kama kompyuta yako inatumia hiyo ya terminali, halafu wewe unakomiti kwa kubofya kitufe ndani ya VS Code, hakuna terminali ya kuchorea. Inakata tamaa, na kosa linakuwa «Inappropriate ioctl for device» au «No pinentry». Siku zote zilizopita ilikuwa inapita kwa sababu gpg-agent haikuwa na haja ya kuuliza.

Kama jaribio la terminali nalo linatoa «Inappropriate ioctl for device», iambie gpg terminali yako ni ipi:

`export GPG_TTY=$(tty)`

Ukiona imekubali, uweke mstari huo mwishoni mwa `~/.bashrc` ili usiandike kila siku. Ukiingia kwenye kompyuta hiyo kwa mbali kupitia SSH, au ukitumia tmux, programu ya kugawa terminali moja iwe nyingi, ongeza `gpg-connect-agent updatestartuptty /bye`, kwa sababu gpg-agent inaweza kuwa bado inaielekea terminali iliyokwisha kufungwa.

Kama terminali inakubali ila VS Code inakataa, tatizo ni pinentry isiyo na kisanduku. Sakinisha ile yenye kisanduku, `sudo apt install pinentry-gnome3`, halafu kwenye faili la `~/.gnupg/gpg-agent.conf` weka:

`pinentry-program /usr/bin/pinentry-gnome3`

Kisha `gpgconf --kill gpg-agent`. Hakuna haja ya kuiwasha tena, itajiwasha yenyewe gpg ikiihitaji. Usiruke hatua hiyo ya kuizima. Nimeona watu wakirekebisha faili hilo sawasawa kabisa, halafu wanahangaika nusu siku kwa sababu gpg-agent iliyokuwa imeshawaka bado inafuata mipangilio ya zamani.

Cha pili ninachokishuku ni saa. Andika `date` utazame mwaka, siku na saa. Ni jambo la sekunde moja, na kwa kompyuta za mezani zilizozeeka hapa kwetu, ambako umeme unaweza kukatika mara kadhaa kwa wiki, lisipuuzwe. Kwenye ubao mama kuna betri ya duara ya CR2032 inayoendesha saa wakati kompyuta haina umeme. Betri ikifa, umeme ukikatika saa inasahau. Kama kompyuta inaanza na tarehe iliyotangulia siku ulipoutengeneza ufunguo wako, gpg inakataa kuutumia, na ni sahihi kukataa: kwa tarehe hiyo ufunguo wako haujazaliwa. Utaona maneno «created … seconds in the future (time warp or clock problem)». Saa ikiruka mbele kupita siku ya mwisho ya ufunguo, utaambiwa umeisha muda wakati haujaisha.

Ubuntu ikiwa na huduma ya systemd-timesyncd, inayosahihisha saa kupitia intaneti, hujitahidi. Huhifadhi saa ya mwisho iliyoijua, na ikiwaka haikubali kuanza nyuma ya hapo. Mara nyingi basi itakuwa nyuma kwa ule muda tu umeme ulipokosekana, na intaneti ikirudi itajisahihisha. Ila kuna ofisi ambazo huduma hiyo imezimwa, na Windows haina huruma hiyo. Angalia kwa `timedatectl`. Ukiona «NTP service: inactive», washa:

`sudo timedatectl set-ntp true`
`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Mstari wa pili nina sababu ya kuuandika. Mtu akiona saa imekosewa huisahihisha kwa mkono, anaandika 15:00 kwa sababu ni saa tisa alasiri Mwanza, kumbe kompyuta iko kwenye ukanda wa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Sasa iko saa tatu mbele ya ukweli. Ufunguo utakaotengenezwa wakati huo utaonekana «umetoka kesho» mara saa itakaposahihishwa, na saini zake zitabaki na muda usio wa kweli. Kompyuta yenye Windows na Ubuntu pamoja ina ugonjwa wa jamaa ya huo, kwa sababu Windows huandika saa ya mahali kwenye ubao mama na Ubuntu huisoma kana kwamba ni UTC. Betri yenyewe ni ndogo na ya bei nafuu, fundi saa yeyote mjini anayo. Badilisheni.

Cha tatu ni mafaili ya kufuli. Hili hutokea hasa pale GnuPG 2.4, ndiyo gpg yenyewe, inapotumia programu yake ya keyboxd kutunza funguo za umma, zile za kuhakikia saini. keyboxd huweka faili lenye namba ya mchakato wake ili programu mbili zisiandike kwa pamoja. Umeme ukikatika, faili linabaki. Kwa kawaida, ikiwaka tena, huikagua namba ile, ikaona mchakato haupo na kulifuta faili yenyewe. Tatizo ni kwamba baada ya kuwasha, Linux inagawa namba upya, na namba ile ile inaweza kuwa imeangukia kivinjari au programu yoyote. gpg inaona mwenye namba yuko hai, inangoja. Dalili yake ni tofauti na hizo mbili za juu, maana komiti haikatai papo hapo. Inaganda kidogo, na ukiijaribu gpg peke yake utaona «database_open … waiting for lock (held by …)». Ukiona hivyo, chukua kwanza nakala ya akiba, halafu safisha:

`cp -a ~/.gnupg ~/gnupg-akiba`
`gpgconf --kill all`
`pgrep -a 'gpg|keyboxd'`
`find ~/.gnupg -name '*.lock'`

Amri ya tatu isirudishe kitu, yaani pasiwe na gpg wala keyboxd iliyo hai. Ndipo ufute yale mafaili yanayoishia `.lock` yaliyotajwa na amri ya nne, hayo peke yake. Folda ya `private-keys-v1.d` usiiguse hata kidogo, humo ndimo uliomo ufunguo wako wa siri. Na maadamu umeme ulikatika katikati ya kazi, pitisha pia `git fsck` kwenye ripo yako, yaani folda ya mradi inayotunzwa na Git. Ikilalamika kuhusu faili la objekti lililo tupu, hilo ni jeraha la Git yenyewe, halihusiani na saini. Chukua ripo safi kutoka GitHub kabla ya kuendelea kuandika juu ya iliyoumia.

Zimebaki sababu mbili zisizohusu umeme ambazo zinaweza kuwa zimegongana na siku hiyo. Ya kwanza ni ufunguo kuisha muda kweli. `gpg -K --keyid-format=long` itakuonyesha funguo zako za siri, na ulioisha una neno «expired». gpg itakuwa ilisema «Unusable secret key». Kuisha muda si kufa. Mwenye ufunguo wa siri anaruhusiwa kuurefusha:

`gpg --quick-set-expire ALAMA 1y`
`gpg --quick-set-expire ALAMA 1y '*'`

Badala ya ALAMA weka ile namba ndefu ya ufunguo wako, yenye tarakimu na herufi 40. Mstari wa pili ni wa funguo ndogo zilizo chini ya ufunguo mkuu, na wengi huusahau, kisha wanashangaa kwa nini ufunguo mkuu ni mzima na saini bado inakataa. Ukimaliza, toa upya ufunguo wa umma kwa `gpg --armor --export ALAMA`, ufute ule wa zamani kwenye akaunti yako ya GitHub na upandishe huu. GitHub haiwezi kujua kwamba umeurefusha usipoipelekea.

Ya pili ni «No secret key». Hapo ama ufunguo uliotajwa haupo kwenye kompyuta hiyo, ama haukutajwa. Kama `user.signingkey` haijawekwa, Git huitafutia gpg ufunguo kwa jina na barua pepe yako kama zilivyo kwenye mipangilio, na herufi moja ikitofautiana na iliyo kwenye ufunguo, haupatikani. Amri hii itakuonyesha kila mpangilio na faili ulikotoka:

`git config --show-origin --get-regexp '^(user|gpg|commit)\.'`

Soma matokeo yake kwa utulivu. Mara nyingi utakuta mpangilio wa ripo moja unaupiku ule wa jumla, au `gpg.format` imeachwa kwenye `ssh` na mtu aliyekuwa anajaribu, huku `user.signingkey` bado ni namba ya gpg. Na kama kuna anayeandika `sudo git commit` ili kukwepa kosa la ruhusa, aache. Kwa `sudo` gpg hutafuta funguo za mtumiaji root, msimamizi mkuu wa kompyuta, ambaye hana, na mafaili yanayobaki nyuma yanakuwa mali ya root mpaka yarudishwe kwa `chown`.

Sasa twende nyumbani, kwenye Windows. Fungua Git Bash ndani ya ripo, uandike:

`git log --format='%h %G? %GK %ce' -5`

Kila komiti itakuja na herufi moja. G ni saini nzuri. U ni saini nzuri ambayo gpg yako haijaambiwa imwamini mwenyewe, na kwa GitHub hilo halina uzito. E maana yake kompyuta hiyo haina ufunguo wa kuhakikia. N ni komiti isiyo na saini kabisa. X ni saini iliyoisha muda, Y ni saini ya ufunguo ulioisha muda, R ni ya ufunguo uliobatilishwa, na B ni saini mbovu, ambayo ukiiona usiendelee na kitu kingine mpaka ujue imetoka wapi. Baada ya herufi unafuata ufunguo uliotumika, kisha barua pepe ya aliyekomiti.

Linganisha ufunguo huo na ule wa ofisini. Nina hakika kubwa ni mwingine. Git ya Windows huja na gpg yake mwenyewe, inayotunza funguo kwenye `.gnupg` ndani ya folda yako ya mtumiaji. Ukisakinisha na Gpg4win, nayo inakuja na gpg ya pili, inayotunza zake kwenye `AppData\Roaming\gnupg`. Hazionani. Mtu anatengeneza ufunguo kwenye moja, Git inaiita nyingine, anaambiwa hakuna ufunguo, anatengeneza mwingine hapo hapo, na huo hakuna aliyeupeleka GitHub. Saini inakuwa halali kabisa kihesabu, ila GitHub haimjui mwenyewe. `which -a gpg` itakuonyesha ziko ngapi. Chagua moja uitaje wazi kwa `git config --global gpg.program`, ukifuatisha njia kamili ya faili la gpg.exe.

Sababu ya pili ya «Unverified» ni barua pepe. GitHub inataka barua pepe ya aliyekomiti iwe imethibitishwa kwenye akaunti yako, na iwe imo pia ndani ya ufunguo. Ofisini huenda unatumia barua ya kazi na nyumbani ya kwako binafsi. Kuongeza barua kwenye ufunguo uliopo ni mstari mmoja, `gpg --quick-add-uid ALAMA 'Jina Lako <barua>'`, halafu unautoa upya na kuupandisha. Kama hutaki kubahatisha kati ya sababu hizi, GitHub yenyewe husema. Ukiwa na programu yake ya `gh`:

`gh api repos/MWENYE/RIPO/commits/HESHI --jq .commit.verification.reason`

HESHI ni namba ya utambulisho wa komiti. Ikijibu `unknown_key`, ufunguo haujapandishwa. `bad_email` au `unverified_email` ni suala la barua pepe. `expired_key` unaijua tayari.

Ushauri wangu hapo ni usiuhamishe ufunguo wa siri wa ofisini kwa flashi kuupeleka nyumbani. Tunza ufunguo mmoja kwa kila kompyuta na uipe GitHub zote mbili, inaruhusu. Kompyuta mpakato ikiibwa kwenye daladala, unabatilisha ufunguo mmoja na ofisini kazi inaendelea.

Nije kwa mwenzako anayetaka kuzima saini. Namwelewa, wateja wanasubiri. Lakini Git haimuulizi mtu kitambulisho. Jina na barua pepe kwenye komiti ni maandishi tu, kama jina lililoandikwa kwa kalamu juu ya gunia la dagaa, na yeyote mwenye kalamu anaweza kuandika lako. Tarehe 28 Machi 2021 hili liliipata PHP, lugha inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani. Komiti mbili zenye mlango wa siri ziliingizwa kwenye seva yao ya git.php.net, moja kwa jina la Rasmus Lerdorf, mwanzilishi wa lugha hiyo, nyingine kwa jina la Nikita Popov, mmoja wa wasanidi wake wakuu. Hakuna aliyeandika kati yao. Ziligunduliwa mapema kwa sababu watu walizisoma, na baada ya hapo mradi ukahamia GitHub. Ninyi mnaandika msimbo unaoamua mwenye mtumbwi alipwe kiasi gani kwa mzigo alioushusha. Mstari mmoja wa kuzungusha desimali, ukiingizwa kwa jina la mmoja wenu, unaweza kula jasho la watu msimu mzima, na siku ya kuulizana hamtakuwa na cha kuonyesha nani aliuandika.

Kama kazi ni ya dharura kabisa, kuna njia isiyoharibu kanuni. Komiti kwa `--no-gpg-sign` kwenye tawi lako, yaani mkondo wako wa kazi ulio kando, bila kupandisha GitHub. gpg ikipona, zisaini zote kwa mkupuo:

`git rebase --exec 'git commit --amend --no-edit -S' origin/main`

Saini ni sehemu ya komiti yenyewe, kwa hiyo kuiongeza kunabadilisha heshi ya komiti hiyo na zote zilizo juu yake. Ndiyo maana ifanyike kabla ya kupandisha. Komiti ambazo wenzako wameshazichukua ziache kama zilivyo.

Mwisho, nina pendekezo kwa timu ya watu wanne kama yenu. Tangu Git 2.34, iliyotoka Novemba 2021, inawezekana kusaini kwa ufunguo wa SSH, huo huo mnaotumia kupandishia msimbo, bila gpg, bila pinentry yake, bila keyboxd. GitHub inazitambua saini hizo tangu 2022. Mipangilio ni mitatu:

`git config --global gpg.format ssh`
`git config --global user.signingkey ~/.ssh/id_ed25519.pub`
`git config --global commit.gpgsign true`

Kwenye GitHub upandishe ufunguo huo mara ya pili, kama «Signing Key». Kuwepo kwake kama wa kuingilia hakutoshi, na hiyo ni sababu ya kawaida ya «Unverified» kwa wanaotumia SSH. Ukiona lalamiko la `gpg.ssh.allowedSignersFile`, usiogope: saini ilitengenezwa, kilichokosekana ni orodha ya kuhakikia. Ni faili la kawaida, kila mstari una barua pepe ya mtu na ufunguo wake wa umma. Liwekeni ndani ya ripo, na kila mmoja aielekeze Git kwenye faili hilo kwa mpangilio huo. Kuanzia hapo hata mmoja wenu akiwa Ukerewe, mtandao unasuasua, anaweza kuhakiki komiti za wenzake bila kuiuliza GitHub.

Unachopoteza ni kwamba ufunguo wa SSH hauna tarehe ya kuisha ndani yake, wala hauna cheti cha kuubatilisha kama ule wa gpg. Mtu akiondoka kwenye timu, ni juu yenu kukumbuka kuweka `valid-before` kwenye mstari wake, ili saini zake za zamani zibaki halali na mpya zikataliwe. Kwa watu wanne wanaojuana, mimi ningechagua SSH. Mkifika kumi na tano na mafundi wa mkataba wanaingia na kutoka, rudini kufikiria gpg.

Ukishafanya jaribio la `--clearsign` na bado hujaelewa, niandikie mistari yote iliyotoka, pamoja na majibu ya `gpg --version`, `date` na ile amri ya mipangilio. Hayo ni salama kutumwa. Chochote kilichomo ndani ya `private-keys-v1.d`, au kinachoanza na «BEGIN PGP PRIVATE KEY BLOCK» au «BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY», usinitumie mimi wala mtu mwingine yeyote, hata akijitambulisha kuwa fundi wa GitHub.